Menyu ya picha kwa mgahawa mdogo Moshi: vyakula vyangu vingi ni vya kahawia, nivipigeje picha vivutie?

MamaMtori_Moshi aliuliza:

Habari zenu wadau. Nina mgahawa wa meza sita hapa Moshi mjini, si mbali na stendi ya mabasi. Napika vyakula vya nyumbani: mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), machalari (vipande vya ndizi na nyama), kiburu (ndizi na maharage), makande (mahindi na maharage), kitawa (ndizi na maziwa), na vile vya kila siku kama wali maharage, ugali dagaa, supu ya ng'ombe na chapati. Wateja wangu wa miaka yote ni abiria, madereva, wenye maduka ya jirani na wapagazi wanaoshuka mlimani. Siku hizi waongoza watalii wameanza kuniletea wageni wao, hasa wakishamaliza kupanda Kilimanjaro, wanapotaka kula chakula cha watu wa hapa.

Tatizo linaanzia mlangoni. Mgeni anasimama, anautazama ubao wangu wa chaki, haelewi kitu. Anachungulia sahani za watu, anamnyooshea kidole mtu anayekula, na yule anayekula hafurahi. Si wageni wa nje peke yao. Hata Watanzania wenzetu wanaotoka Mtwara au Mwanza wananiuliza kiburu ndiyo nini. Asubuhi naeleza vizuri, lakini saa saba mchana watu wamejaa, sina muda, na binti anayenisaidia anajibu tu "ni ndizi hizo". Basi mtu anaagiza wali maharage, anakula, anaondoka bila kuonja kile ninachokijua kuliko kitu kingine chochote.

Nimeamua kutengeneza menyu ya picha. Kijana mmoja wa steshenari alinitengenezea mfano, picha zote katoa kwenye intaneti. Kwenye mtori kaweka supu ya maboga iliyomwagiwa krimu, kwenye machalari kaweka ndizi za kukaanga za nchi nyingine kabisa. Nikakataa. Mwanangu akapiga picha kwa simu yake, lakini jamani, mtori kahawia, kiburu kahawia, makande kahawia. Kwenye sufuria vinavutia na vinanukia, ukitazama picha unaona bakuli la tope.

Naomba mnisaidie wenye uzoefu. Nipigeje hizi picha kwa simu ya kawaida? Niweke vyakula vingapi? Na bei je, maana ndizi mshare zikiadimika mkungu unapanda bei na mimi napandisha, sasa nitachapa upya kila mara? Menyu yenyewe nayo itakaa mezani penye supu na mikono yenye mafuta. Asanteni.

---

Mdau_Ubungo alijibu:

Mama, pole na kazi. Mimi nauza chipsi na mishikaki Ubungo, na sijawahi kuhitaji picha. Mtu anayetaka chipsi mayai anajua chipsi mayai. Naona hiyo ni hela unaipeleka kwa watu wa kuchapa wakati ungeongeza sufuria ya pili ya mchana. Kama ni lazima, tengeneza msimbo wa QR, bandika ukutani, mtu askani na simu yake aone kila kitu. Hakuna karatasi ya kuloa.

---

FundiPicha_Ngamiani alijibu:

Mama, shikamoo. Niko Tanga, mitaa ya Ngamiani, nina studio ya picha na mashine za kuchapa. Menyu za migahawa na vibanda ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kuliko hata harusi, kwa sababu nikipita mtaani wiki inayofuata naona kama imemsaidia mtu au haikumsaidia.

Umefanya vema sana kuukataa ule mfano. Zile picha zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda. Lakini hata zingekuwa za bure bado zingekuharibia biashara. Mteja uliyemwonyesha krimu atakaa mezani akisubiri krimu.

Ndugu wa Ubungo ana hoja, na nusu yake naichukua. Wali maharage hauhitaji picha. Chapati haihitaji picha. Picha ni ya chakula ambacho mteja hakijui, au amekisikia lakini hajakiamini. Kwako hivyo ni mtori, machalari, kiburu, makande na kitawa, labda na supu, kwa kuwa mgeni hajui kama inakuja na ndizi, chapati au peke yake. Vilivyobaki viandike kwa herufi kubwa na bei, basi. Ukijaza picha ishirini kwenye karatasi moja kila picha inakuwa ndogo mpaka mtori na uji havitofautiani, na jicho la mteja halijui litulie wapi. Kuhusu QR sikubaliani naye kwa mgahawa wa aina yako. Abiria ambaye basi lake linaondoka hana muda wa kuskani, mpagazi simu imezima chaji, mgeni hana bando. Picha ukutani inaonwa na mtu akiwa bado nje.

Sasa mwanga, maana hapo ndipo penye kazi yote. Zima taa za ndani, zima na flashi. Moshi mko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, mchana jua linakaa utosini, linapiga chakula kutoka juu na kuacha kivuli cheusi chini ya kila kipande cha nyama. Piga kati ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, meza ikiwa imesogezwa karibu na mlango au dirisha lakini jua lenyewe lisiifikie. Ile miezi ya Juni na Julai ambayo mawingu yanafunika kwenu siku nzima ndiyo mizuri kuliko yote. Ukipiga kiangazi, tundika shuka jeupe mlangoni, litaulainisha mwanga.

Angalia pia rangi zinazozunguka meza. Ukuta wa kijani unatupa kijani kwenye sahani. Turubai la bluu juu ya kichwa ndilo baya zaidi, linafanya nyama ionekane imeoza, na hakuna programu ya simu itakayoiponya vizuri. Toka chini ya turubai kabisa.

Halafu hiyo kahawia. Chakula cha kahawia hakina ubaya wowote kwenye picha. Kinachokiua ni mwanga wa kutoka mbele. Mwanao nadhani alisimama na mlango mgongoni, akiamini chakula kimulikwe vizuri. Mwanga ukipiga bakuli uso kwa uso unalisawazisha, miinuko yote ya mtori inapotea, unabaki na rangi moja. Geukeni. Weka bakuli kati yako na mlango, mwanga utokee nyuma ya bakuli au ubavuni, utelezee juu ya chakula kuja kwako. Hapo mafuta yatang'aa, kipande cha nyama kitakuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mvuke utaonekana iwapo nyuma yake pana kitu cha giza. Upande wa bakuli unaokutazama utaingia kivulini, kwa hiyo simamisha karatasi nyeupe ya manila karibu nalo, nje kidogo ya picha, irudishe mwanga. Karatasi hiyo moja inafanya kazi ambayo watu wananunulia taa.

Tuuchukue mtori wenyewe. Tumia bakuli dogo lijae mpaka karibu na ukingo, bakuli kubwa lililofika nusu linaonekana la kupunjwa hata kama kipimo ni kilekile. Bakuli liwe jeupe lisilo na maua, au la udongo. Panga kila kitu kwanza ukitumia bakuli la mtori uliokwisha kupoa, tazama kwenye simu, sogeza manila, sogeza meza, mpaka uridhike. Ndipo ulete ule wa moto, kwa sababu mtori ukikaa unashika utando juu na kupauka, na una dakika chache tu za kupiga. Nyama yenye mfupa iegemee ukingo, nusu yake iwe juu ya mtori. Pitisha kijiko mara moja juu, kiache mfereji, mtu aone uzito wake kwa macho. Futa ukingo wa bakuli kwa kitambaa chenye maji. Pembeni weka kile unachompa mteja kweli: kipande cha ndimu, pilipili mbuzi, kachumbari kama unatoa. Nyekundu na kijani za kachumbari ndizo zitakazoiinua hiyo kahawia. Kwenu parachichi ni nyingi, kama huwa unaweka kipande kwenye sahani ya makande, basi kionekane. Kama huweki, usikiweke.

Makande, pakua kwa kijiko chenye matundu ili mchuzi usifunike mahindi na maharage. Kiburu usikisawazishe kwa mwiko, acha juu pawe na mabonde na maharage kadhaa yaonekane mazima. Machalari hayana shida, yana vipande, yatajipanga yenyewe.

Simu yenyewe, futa lenzi kwanza, maana simu ya jikoni daima ina mafuta na hayo ndiyo yanayoleta ukungu. Gusa chakula kwenye kioo ili kamera ikilenge, ongeza mwanga kidogo. Usikuze kwa vidole, sogea wewe. Simu ikae pale yalipo macho ya mtu aliyeketi kula, mshazari, na picha zote ziwe za pembe hiyo hiyo, umbali huo huo, juu ya kitu kilekile. Toa kitambaa cha plastiki chenye maua. Ubao wa kukatia uliosuguliwa ukakauka unatosha sana.

La mwisho kwa sasa, na hili naomba ulishike. Pima kwa upawa uleule unaotumia mchana watu wakiwa wamejaa. Wateja wanahesabu vipande vya nyama kwenye picha. Ukipiga picha vitatu ukaleta viwili, umejiandikia deni kwake mbele ya macho yake.

---

MamaMtori_Moshi alijibu:

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Hilo la mwanga kutoka nyuma hakuna aliyewahi kuniambia. Ni kweli kabisa alisimama na mlango mgongoni, na ukuta wangu ni wa kijani mpaka nusu. Mlango wa nyuma unaotokea kisimani una kivuli asubuhi, nitajaribu hapo.

Bado bei na karatasi.

---

BintiMakame_Jambiani alijibu:

Assalaam alaykum. Dada'angu, mie napikia wageni hapa Jambiani, pwani ya mashariki Unguja. Mwenzangu wa Tanga kasema mazuri sana juu ya picha. Niongeze jambo moja ambalo picha haiwezi kulisema, nalo ni kilichomo ndani.

Mgeni akiona mchuzi wa pweza anauona ni pweza. Lakini nazi haioni, pilipili haioni. Wewe ndiyo zaidi, vyakula vyako vimepondwa. Mtu asiyekula nyama ataona kiburu, ataona ndizi na maharage, atafurahi, kumbe umekipika kwa mchuzi wa mifupa. Mwenye mzio wa karanga ataona mchicha wa kijani, ataula, kumbe umeungwa kwa karanga, na huyo si wa kuumwa tumbo tu, anaweza kufa mbele yako. Kwa hivyo chini ya kila picha andika mstari mmoja wa vilivyomo: ndizi mbichi, nyama ya ng'ombe, kitunguu, haina pilipili. Kitawa andika kina maziwa. Chakula kisicho na nyama wala mchuzi wa nyama kichoree jani dogo la kijani, na uhakikishe jikoni kwenyewe ni hivyo, kila siku, si siku ya kupiga picha tu. Na kama nyama yako imechinjwa kihalali, iandike, kwa sababu Mwislamu msafiri anaondoka kimya kimya bila kuuliza.

Mstari huo uandike Kiswahili na Kiingereza. Lugha nyingine usihangaike nazo. Mjerumani na Mtaliano wanakisoma Kiingereza cha chakula, na ukiweka lugha nne karatasi yako inakuwa maandishi matupu, picha zinapotea. Ila Kiingereza hicho mpe mwongoza watalii mmoja akusomee kabla hakijachapwa.

Khasa hili la bei. Wengine watakushauri uwe na menyu mbili, ya wageni na ya wenyeji. Usikubali dada'angu. Mwongozaji anakula meza moja na mgeni wake, bili ikija tofauti ni yeye anayeaibika, na kesho anawapeleka kwengine. Andika bei moja, ionekane wazi, mgeni atakula kwa raha kwa kuwa anajua analipa nini. Mie nimeiona sana hofu hiyo usoni kwa watu wanaokaa kwenye mgahawa usio na bei. Wanaagiza soda wanaondoka.

---

Mdau_Ubungo alijibu:

Bi Jambiani hapo kwenye bei umesema kweli. Na mama, nimesoma tena ulichoandika, mimi nauza kitu ambacho kila mtu anakijua tangu shule ya msingi, wewe huuzi hivyo. Hoja ya picha kwa kile kisichojulikana tu naikubali. Lakini bado naogopea gharama ya kuchapa upya upya. Mafuta ya kula yakipanda mimi nafuta chaki naandika nyingine, dakika moja.

---

FundiPicha_Ngamiani alijibu:

Ndugu, hapo umegusa penyewe, na jibu lake ni kutotengeneza kitabu wala karatasi moja kubwa. Mama, hiki ndicho ningekutengenezea ungekuwa Tanga.

Kila chakula kadi yake. Kadi ya A5, yaani nusu ya A4, milimita 148 kwa 210. Picha moja inachukua sehemu kubwa ya juu, chini jina kwa herufi nene, mstari wa vilivyomo, na upande wa kulia duara jeupe tupu la bei. Kadi sita. Ukutani, karibu na mlango, mahali mtu anapaona akiwa bado nje, piga ubao wa mbao wenye misumari sita na utundike. Makande yakiisha saa nane, binti anaigeuza kadi ya makande, mgongoni imeandikwa "Imeisha leo". Hakuna tena mteja wa kuagiza kitu, akasubiri, akaambiwa hakuna. Siku ukianza kupika kitu kipya, unachapa kadi moja. Ukiacha kitawa, unaitoa kadi moja. Kwa mezani utaweka karatasi moja ndogo yenye orodha ya maneno na bei.

Kila kadi iwe na namba kubwa kwenye kona. Moja mtori, mbili machalari, na kuendelea. Mgeni anasema namba, au anaonyesha vidole. Binti anaita jikoni "mbili mbili, nne moja", yaani namba mbili sahani mbili, namba nne sahani moja, na wewe unaelewa hata redio ikiwa inapiga kelele. Mteja kiziwi naye anaagiza bila kumhitaji mtu wa kumsemea. Namba zisibadilike chakula kikitolewa, namba tano ikiondoka iache pengo, la sivyo wateja wako wa kila siku watachanganyikiwa.

Duara la bei liachwe tupu kwenye uchapaji. Kadi ikishavishwa plastiki, andika bei juu ya plastiki kwa kalamu ya maka, ile ya kudumu isiyofutika kwa maji. Bei ikibadilika, pamba yenye spiriti inaifuta mara moja, hata kitakasa mikono kinafuta, kisha unaandika mpya. Usitumie maka ya ubao mweupe, hiyo inafutwa na mkono wa shati la mtu anayepita. Na uandike tarakimu kubwa, 3,500 isomwe na mtu aliyesimama hatua nne nyuma.

Lamineshoni, omba ile plastiki nene, mikroni 125 badala ya 80, tofauti ya hela ni ndogo. Kama steshenari wana isiyong'aa, chukua isiyong'aa, maana ile ya kung'aa usiku chini ya taa ya tyubu mteja anaiona taa tu, chakula hakioni. Mwambie anayekata aache ukingo wa plastiki tupu, milimita tatu mpaka tano kuzunguka karatasi yote. Akikata sawasawa na karatasi, maji yanaingia ubavuni na kadi inavimba ndani ya muda mfupi. Tundu la msumari lipite kwenye plastiki tupu peke yake, lisiiguse karatasi. Kwa hiyo juu aache ukingo mpana zaidi, sentimita moja na nusu hivi.

Halafu ukituma picha kwa mchapaji usizitume WhatsApp kama picha. Inazibana, na kwenye karatasi zitatoka na ukungu hata kama kwenye simu zilikuwa safi. Zitume kama dokumenti, au mpe simu azihamishe kwa waya. Kuchapa vizuri kunataka nukta 300 kwa kila inchi. Kwa kadi ya A5 nzima hiyo ni takriban nukta 1,748 kwa 2,480, na simu nyingi za sasa zinazidi hapo, ilimradi picha haijabanwa njiani.

Usizichape zote kwa mara moja. Chapa ya mtori peke yake kwanza. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo picha itatoka na giza kidogo kuliko unavyoiona mkononi, na kijani cha hoho kitafifia. Vyakula vya kahawia vinaumia zaidi hapo. Itundike ile moja ukutani, itazame asubuhi, itazame usiku taa zikiwaka. Ikiwa giza, mchapaji aongeze mwanga kidogo kwenye zote kisha aendelee.

Bi Jambiani, nakushukuru kwa lile la vilivyomo. Kuanzia sasa nitakuwa nawauliza wateja wangu wote.

---

MamaMtori_Moshi alijibu:

Wanangu na wadogo zangu, nimeanza. Leo asubuhi kabla ya wateja tumepeleka meza mlango wa nyuma, ubao wa kukatia juu yake, manila kaishika binti. Tulianza na bakuli la mtori wa baridi kama ulivyosema, mwanangu akazunguka mezani akiangalia kwenye simu, na alipofika upande wa ndani, mlango ukiwa mbele yake, akasema "mama njoo uone". Mafuta yale madogo madogo juu ya mtori yanaonekana moja moja. Ulipoletwa wa moto na mfupa ukaegemezwa ukingoni, mvuke ukaonekana kwa sababu ng'ambo ya mlango kuna stoo yenye giza. Nimeitazama ile picha nikasema huu ndio mtori wangu.

Kiburu bado hakijatulia. Maharage yanaonekana, lakini ndizi zenyewe zinatoka kijivu. Na nina swali lingine: machalari huwa nayapakua kwenye sahani bapa ya bati, ile nyeupe yenye ukingo wa bluu. Niyahamishie kwenye bakuli ili yafanane na mengine?

Kuhusu vilivyomo nimekaa na binti tumeandika vyote. Kiburu changu kweli napikia mchuzi wa mifupa siku za Jumamosi tu. Nimeamua kuanzia wiki hii kisipikiwe mchuzi siku yoyote, kipate lile jani la kijani. Wanaotaka nyama wana machalari.

---

BintiMakame_Jambiani alijibu:

Uamuzi mzuri dada'angu. Na ule mwiko wa machalari usiingie tena kwenye kiburu, mwambie binti.

---

FundiPicha_Ngamiani alijibu:

Mama, machalari yaache kwenye sahani yake ya bati. Mteja apewe chombo alichokiona. Ukingo wa bluu utakusaidia, bluu na rangi ya mchuzi wa nyanya vinapatana sana. Hakikisha tu haijabanduka rangi mahali panapoonekana. Pembe na umbali vikibaki vilevile, kadi zitaonekana za nyumba moja ingawa vyombo ni tofauti.

Kijivu cha kiburu kina sababu mbili, jaribu kuzitenganisha. Ya kwanza ni ndizi zenyewe. Zikimenywa zikakaa kwenye hewa zinapiga weusi kabla hazijaingia sufuriani, kwa hiyo siku ya picha zimenye moja kwa moja ndani ya maji yenye ndimu na uzipike mara moja. Ya pili ni simu. Mlango wa nyuma wenye kivuli unapokea mwanga wa anga ya bluu, na bluu hiyo juu ya ndizi inatoa kijivu. Kwenye sehemu ya kuhariri picha kuna kipimo cha joto la rangi, kisogeze kidogo kuelekea njano mpaka bakuli jeupe liwe jeupe kweli. Lifuate bakuli, usiifuate ndizi. Bakuli likishakuwa jeupe, ndizi itakuwa na rangi yake halali. Kipimo utakachopata kitumie kwa picha zote za asubuhi hiyo.

Nitumie ya kiburu ukishaipiga upya, kama dokumenti, nitaitazama kwenye kompyuta ya kazini kabla hujampa mtu wa kuchapa.